TUNAMLILIA MJUSI MKUBWA, MENO TUMEYASAHAU



Jumamosi iliyopita nilikuwa kafe moja hapa mtaani. Mashine ya pembeni yangu walikaa madogo wawili, wanabishana mpaka jamaa wa kaunta akatishia kuwakatia muda. Ubishi wenyewe: nani mbabe, T. rex au Spinosaurus? Mmoja kashikilia ile Jurassic Park ya tatu, ya mwaka 2001, ambapo Spinosaurus anamkaba T. rex mpaka shingo inalia kah! Mwenzake anasema ile ni sinema tu, T. rex hajawahi kupigwa. Na mimi kwa kiherehere changu nikaingilia: madogo, hao wawili hawakuwahi hata kuonana. Mmoja aliishi Afrika Kaskazini, mwingine Amerika Kaskazini, na katikati yao imepita miaka zaidi ya milioni 20. Wakanitazama kama nimewazimia luninga dakika za majeruhi.

Nikaona nimalizie kabisa. Nikawauliza, mnajua kuna mtaalamu aliyeandika kwamba mmoja wa mababu wa ukoo wa Spinosaurus aliishi Lindi? Mmoja akacheka. "Lindi kuna korosho, bro." Kweli, korosho zipo, ufuta upo, na ndugu zangu upande wa mama wapo. Lakini lipo na jino. Yaani lilikuwepo, kwa sababu sasa liko Berlin.

Leo basi tuache siasa na mpira kidogo tuongelee wala nyama. Msiniambie haya mambo ni ya wazungu. Mkifika katikati ya makala mtaona yanatuhusu kuliko ligi ya Uingereza.

Tuanze na habari zenyewe, maana mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa wala nyama. Januari, watafiti wa Munich walitangaza mnyama mpya kutoka Misri, Tameryraptor markgrafi, mwindaji wa urefu wa mita kama 10. Cha ajabu, mifupa yake haipo duniani. Ilichimbwa jangwani Bahariya mwaka 1914, ikapelekwa Munich, na Aprili 1944 ndege za Waingereza zikalipua jengo la makumbusho na kila kilichokuwemo. Spinosaurus wa kwanza kabisa aliungua siku hiyo hiyo. Profesa Ernst Stromer, aliyewaeleza wanyama hao wote wawili, alikuwa ameomba vitu vihamishwe kabla, wakubwa wake wakakataa. Sasa, miaka 80 baadaye, watu wakakuta picha za zamani kwenye jalada, wakazikagua, wakaona kumbe yule mnyama alipewa jina la mwenzake kimakosa. Wakambatiza upya kutoka kwenye picha!

Juni ikaja Mongolia. Khankhuuluu mongoliensis, wa kilo kama 750, aliyeishi miaka milioni 86 iliyopita, ndugu wa karibu wa ule ukoo uliokuja kumzaa T. rex. Huyu naye hakuchimbwa juzi. Mifupa ilitolewa ardhini mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawekwa kwenye droo Ulaanbaatar na jina lisilo lake, mpaka kijana mmoja aliyekuwa akisomea shahada yake Calgary, Kanada, alipokwenda akaifungua ile droo na kushangaa.

Julai ikawa zamu ya wenye fedha. Mnada wa Sotheby's, New York, waliuza mtoto wa Ceratosaurus aliyechimbwa Wyoming. Walikadiria dola milioni 4 hadi 6. Nyundo ilipogongwa na ada zikajumlishwa, akawa amekwenda kwa dola milioni 30.5. Halafu Oktoba, watafiti wa North Carolina wakaonyesha kwamba yule mdogo aliyekuwa akiitwa T. rex kijana ni mnyama mwingine kabisa, Nanotyrannus, aliyekwisha komaa. Ubishi wa miaka mingi. Mifupa iliyouamua ilipatikana Montana mwaka 2006, lakini ikakaa mikononi mwa watu binafsi na mahakamani hadi mwaka 2020, makumbusho ya kwao yalipoipata.

Angalieni vizuri hizo habari nne. Hakuna hata moja iliyoanza na mtu kupiga jembe akasema lahaula, mfupa! Bomu, droo, mnada, mahakama. Tunachokijua kuhusu wala nyama kinategemea sana mfupa ulikaa wapi BAADA ya kuchimbwa, nani ana funguo, na nani anaruhusiwa kuingia. Na hapo ndipo sisi tunapoingia kwenye hadithi. Tumeingia kwa mlango wa nyuma, lakini tumeingia.

Kwa nini nakazania wala nyama na siyo wale wakubwa wenye shingo ndefu? Hesabu ya Serengeti inatosha. Nyumbu ni zaidi ya milioni moja, simba ni maelfu machache. Mwindaji siku zote ni wachache, la sivyo watakula nini? Basi na kwenye miamba ni vivyo hivyo. Ukichimba utakutana na mifupa ya wala majani mpaka uchoke, ya mla nyama utapata jino hapa, pingili ya mkia pale. Ukipoteza mfupa mmoja wa mla majani umepoteza ukurasa. Wa mla nyama, unaweza ukawa umepoteza sura nzima ya kitabu.

Sura ya kwanza ya kitabu hicho inasomwa Ruvuma, bonde la mto Ruhuhu, kwenye tabaka wanaloliita Manda. Miamba ya huko ina umri wa miaka kama milioni 240. Mwaka 1933 alipita mtu wa Cambridge, Parrington, akakusanya mifupa. Miongoni mwake kulikuwa na mnyama wa miguu minne, shingo ndefu, mla nyama, mwembamba, urefu kama mita mbili au tatu. Mwanafunzi wake, Alan Charig, alimpa jina Teleocrater kwenye tasnifu yake ya mwaka 1956. Lakini hakulichapisha rasmi, na mpaka anafariki jina likabaki karatasini. Mwaka 2015 wachimbaji wengine wakapata mifupa zaidi huko huko Ruvuma, na mwaka 2017 jarida la Nature ndiyo likamtangaza. Miaka 84, wadau! Mtu kazaliwa, kasoma, kastaafu, kazikwa, mfupa bado unasubiri foleni.

Na umuhimu wake ni mkubwa. Teleocrater siyo dinosaria. Yuko kwenye tawi lile lile la dinosaria na ndege, ila chini zaidi, karibu na pale lilipoachana na tawi la mamba. Watu walizoea kuwaza kwamba ndugu wa kwanza wa dinosaria walikuwa vijitu vidogo vya kukimbia kwa miguu miwili. Mfupa wa Ruvuma ukasema hapana, walianza wakitambaa kwa minne, wakifanana fanana na mamba au kenge.

Bonde hilo hilo limetoa Nyasasaurus, aliyetangazwa mwishoni mwa mwaka 2012 kutokana na mifupa iliyochimbwa miaka ya 1930: mfupa wa mkono na pingili kadhaa za mgongo. Huyu huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, au kama siyo yeye basi ni ndugu wa karibu kabisa. Mkono uko London, pingili nyingine ziko Cape Town. Sasa hebu fikiria: anayegombea kuwa dinosaria wa kwanza duniani ni mtu wa Ruvuma, na ili umwone inabidi uwe na viza mbili.

Pia kuna wa kunifurahisha mimi zaidi, Mambawakale ruhuhu. Soma tena taratibu. Mamba wa kale. Kiswahili kabisa! Fuvu lake lilichimbwa mwaka 1963, tukiwa tumeshapata Uhuru, likakaa London hadi mwaka 2022 alipopewa jina. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 75, meno ya kutisha. Waliompa jina waliandika wazi kwamba wametumia Kiswahili kuwakumbuka Watanzania waliofanya kazi kwenye msafara ule na hawakutajwa popote. Na huyu ndiye anatuonyesha hali halisi ya enzi zile. Bosi hakuwa dinosaria, bosi alikuwa mtu wa upande wa mamba. Dinosaria na ndugu zao walikuwa wadogo, wanakula walichopata, wanajificha. Ilikuja kutokea balaa la kutoweka viumbe miaka kama milioni 201 iliyopita, wababe wengi wa upande wa mamba wakafa, nafasi ikawa wazi. Wakubwa walianguka ndiyo wadogo wakapanda. Mkumbuke hilo, maana litajirudia.

Tukitoka Ruvuma tuelekee mashariki, tushuke Lindi, tusogee mbele miaka milioni 90 hivi. Kilima cha Tendaguru. Hapa wengi mnapajua, au mnajua nusu. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliona mifupa, na kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yakaleta msafara ukaongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Vita vya Majimaji vilikuwa ndiyo vimekwisha, watu wamekufa kwa risasi na kwa njaa, na kwenye nchi hiyo hiyo wakaajiriwa mamia kuchimba na kubeba. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilishuka kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Katika shehena hiyo ndimo alimokuwemo yule tunayemwita mjusi, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo zaidi ya mita 13. Ndiye anayeulizwa Bungeni, ndiye anayeandikiwa magazetini, arudi, asirudi. Na samahani kwa nitakaowaudhi: huyo mjusi wenu ni mla majani. Nimewahi kusikia mtu kwenye daladala akieleza jinsi alivyokuwa anakula watu. Watu wenyewe hawakuwepo, ndugu yangu, walikuwa bado miaka milioni 150.

Nani basi alikuwa anakula nyama Tendaguru? Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo pasipozungumzwa.

Wa kwanza, Elaphrosaurus, ambaye Janensch alimpa jina mwaka 1920. Urefu kama mita sita, mwembamba, miguu ya kukimbia. Kiunzi kipo karibu chote ila kichwa hakikupatikana, kile kilichowekwa pale Berlin ni cha kufinyangwa. Huyu wataalamu wanamweka kwenye kundi pana la ndugu wa Ceratosaurus, yaani ni binamu wa mbali wa yule mtoto aliyeuzwa dola milioni 30 New York. Miaka yote aliitwa mwindaji. Halafu huko China wakapatikana ndugu zake wa karibu, Limusaurus, watoto kwa wakubwa, na utafiti wa mwaka 2016 ukaonyesha kitu cha ajabu: watoto wana meno, wakubwa hawana hata moja, wana mdomo kama wa ndege. Jamaa walikuwa wanaacha nyama kadiri wanavyokua! Sasa je, Elaphrosaurus wa Lindi naye alikuwa hivyo? Jibu lingekuwa kwenye kichwa. Na kichwa, kama kipo, bado kimelala chini ya ardhi ya Lindi, hakiko Berlin. Hilo peke yake lingetosha kumtoa mtu usingizini.

Wa pili ana jina la kuvunja ulimi, Veterupristisaurus, la mwaka 2011, na msingi wake ni pingili ya mkia. Pingili tu. Lakini aliyeichunguza, Oliver Rauhut, mmoja wa wale wale waliombatiza Tameryraptor kwa picha, aliona alama za ukoo wa Carcharodontosaurus, majitu yenye meno kama ya papa yaliyokuja kutawala Afrika Kaskazini na Amerika Kusini miaka milioni 50 baadaye. Giganotosaurus wa Argentina, mita kama 12, ni wa ukoo huo. Kwa hiyo pingili ya Lindi ni kati ya ushahidi wa zamani kabisa wa ukoo wote.

Wa tatu ndiye mwenye jino langu. Janensch aliliandika mwaka 1925 akalibandika jina la mnyama wa Marekani akiwa na alama ya kuuliza. Mwaka 2012 hivi Mfaransa Eric Buffetaut akalitazama upya. Meno ya wala nyama wengi yana kingo kama kisu cha mkate, vijino vidogo vidogo vya kukatia. Ya Spinosaurus wa baadaye ni ya mviringo, yamenyooka kama ya mamba, ya kushikia samaki asiteleze. Jino la Tendaguru lilionekana kama liko njiani: nene, na vijino vyake ni vikubwa na vichache. Buffetaut akasema huyu ni wa ukoo wa Spinosaurus, wa zamani kuliko wote, akamwita Ostafrikasaurus. Wengine hawakubali, wanasema ni jino la mtu wa upande wa Ceratosaurus. Mimi sina digrii ya kuamua. Lakini naona kitu kimoja: ubishi mzima, vitabu na majarida, unazunguka meno mawili matatu yaliyookotwa na mkono wa Mmwera ambaye hatumjui jina.

Baada ya hapo hadithi inatuacha. Hao wakubwa wa meno ya papa na wa Spinosaurus walitamba mpaka miaka kama milioni 90 iliyopita, wakapotea. Na wakati wote huo mababu wa T. rex walikuwa vidogo. Guanlong wa China, miaka milioni 160, mita tatu. Dilong, aliyetangazwa mwaka 2004, ana manyoya kama ya kifaranga. Huko Uzbekistan watafiti walionyesha mwaka 2021 kwamba miaka milioni 90 iliyopita mwenye meno ya papa alikuwa bado mkubwa na ndugu wa T. rex alikuwa bado mdogo, mahali hapo hapo. Wakubwa walipoondoka, wadogo wakavimba: Khankhuuluu wa kilo 750, halafu hatimaye T. rex wa tani kadhaa. Niliwaambia litajirudia. Kwenye vichwa vya habari utasikia T. rex ni mfalme, lakini mfalme mwenyewe alirithi kiti kilichokuwa wazi, na mababa wa waliokikalia kabla yake ni pamoja na yule wa pingili ya Lindi.

Sasa nirudi kwenye hoja. Kila mwaka tunapiga kelele mjusi arudi. Sipingi madai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika Majimaji. Huwezi kuomba msamaha wa vita halafu ukanyamazia mizigo iliyobebwa baada ya vita. Lakini nikiangalia waliofanikiwa kudai, naona walikuwa na mpango kuliko sisi.

Mchukueni Mbrazili. Desemba 2020 watafiti, wakiwemo wa Karlsruhe, Ujerumani, walimtangaza Ubirajara, mla nyama mdogo wa ukubwa wa kuku, mwenye manyoya na vijiti virefu kama mikuki mabegani. Alitoka Ceará, Brazili. Vijana wa Brazili wakauliza mtandaoni: katokaje? Kwao sheria ya mwaka 1942 inasema visukuku ni mali ya taifa. Wakakomaa, siyo wiki moja, miaka. Makala ya watafiti wale ikaondolewa, jimbo likaamua mwaka 2022 arudishwe, na Juni 2023 akapanda ndege kwenda kwao. Zingatieni, ni mnyama mdogo kama kuku. Hawakusubiri mpaka wapate wa mita 13. Na bado wanamdai Irritator wa ukoo wa Spinosaurus, ambaye fuvu lake liko Stuttgart.

Najua mtakaloniambia: wao wana sheria ya mwaka 1942, sisi mwaka 1909 sheria ilikuwa ya Mjerumani mwenyewe, ndiye aliyejitangazia ardhi. Ni kweli, na kisheria hapo pagumu. Ndiyo maana mimi naona tuanze na kile kisichohitaji hakimu. Jino na pingili havihitaji meli wala jumba la ghorofa nne. Vinakaa kwenye mkoba. Vikishindikana vyenyewe, basi nakala zake za plasta na skani zake kamili, zikae Dar na zikae Lindi, mtoto wa kidato cha pili azishike. Mimi niliimba Zinjanthropus na mwaka 1959 mpaka naota, na sijutii, lakini hakuna siku mwalimu alinitajia Nyasasaurus. Siyo kosa lake, naye hakutajiwa.

Msinielewe vibaya kwamba hakuna kinachofanyika. Asilisaurus kongwe, ndugu mwingine wa dinosaria kutoka Ruvuma aliyetangazwa mwaka 2010 (jina Kiswahili tena), mfupa wake rasmi umeandikwa kwa namba ya Makumbusho yetu ya Taifa. Morocco nako, kiunzi kipya cha Spinosaurus, kile kilichotangazwa mwaka 2014 na Nizar Ibrahim na wenzake, na mkia wake wa kuogelea ukatangazwa mwaka 2020, kiko chuo kikuu cha Casablanca. Anayetaka kubishana kama Spinosaurus aliogelea au alisimama ukingoni kama korongo, na wanabishana kweli kweli mpaka leo, inabidi aende Casablanca. Hiyo ndiyo nguvu ninayoiongelea. Siyo kuwa na mjusi wa kupigia picha, ni kuwa mahali ambapo ubishi lazima upitie.

Na ubishi unahitaji wabishi. Hapo ndipo panaponiuma mimi mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya wastani, hela ya kuendelea haikuwepo. Nilipoanza kufuatilia jino la Tendaguru nilikuwa nalipia nusu saa, nanakili kwenye daftari haraka haraka kabla muda haujakata. Siku moja nikakutana na makala yenyewe niliyokuwa naitafuta, kuhusu mfupa wa kwetu, iliyochimbwa kwetu. Nikabofya. Wakataka dola, tena nyingi kuliko nauli ya kwenda Lindi na kurudi. Nilikaa nikaiangalia ile skrini mpaka jamaa wa kaunta akaniuliza, kaka vipi, mashine imeganda? Nikamwambia hapana, nimeganda mimi.

Ilibidi nimwandikie mmoja wa waandishi kwa Kiingereza changu cha kuunga unga. Akajibu siku ya pili, akanitumia bure, akaniambia niulize chochote. Kwa hiyo siyo kwamba milango yote imefungwa. Mingine haijagongwa tu. Tukipata vijana hata kumi wa vyuo vyetu waliosomea meno na pingili, wakaenda Berlin, London na Cape Town kufungua droo kama yule wa Calgary alivyofungua ya Ulaanbaatar, nina uhakika watarudi na majina. Kwa sababu wa zamani hawakumaliza kazi. Ruvuma imetuonyesha hivyo mara tatu.

Kuhusu majina nina ombi moja. Mwaka 2007 mla majani mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Ni vizuri sana. Lakini waliochimba na kubeba walikuwa mamia. Bibi yangu upande wa mama, Mmwera wa kule kule, alikuwa akisema babu yake alibeba "mawe ya Mdachi" kwenda Lindi, na kwamba bega lake moja lilibaki limeinama hadi kufa. Jina lake kwenye vitabu sijaliona. Nyumbani tunamwita Mzee Bega, na hata bibi hakuwa na uhakika jina lake hasa lilikuwa nani.

Kama na wewe kwenu kuna mzee wa namna hiyo, Lindi, Mchinga, Kilwa, popote, au Ruvuma kwa wale wa mwaka 1933 na 1963, liandike jina lake hapo chini na kijiji alichotoka. Usiandike stori ndefu kama huna muda wa kafe. Jina na kijiji tu. Mimi nitayakusanya, na barua ya Berlin nimeshaanza kuiandika.